Visu Viwili vya Momanyi

Marani, 10 Aprili 1953

Nimefika nyumbani jana jioni nimelowa chapachapa. Lori lilitushusha mjini Kisii, nami nikaja huku kwa miguu, tope likinivua viatu kama mlinzi wa mlango wa msikiti. Mfukoni nilikuwa na gazeti lenye hukumu ya Kapenguria, viongozi wetu sita kutiwa gerezani. Nilimsomea Tata, maana ndivyo tunavyomwita baba huku kwetu, habari yote tangu mwanzo hadi mwisho, nikiifasiri kwa Ekegusii. Kisha nikasimama, nikainua mkono kama nifanyavyo katika mijadala ya Makerere, nikauliza: Je, serikali iogopayo maneno ya watu wasio na silaha yaweza kuitwa serikali? Je, nchi inaweza kufungiwa gerezani pamoja na watu wake sita?

Tata aliniacha nimalize. Kisha akauliza, "Na huko Kampala mvua ni nyingi kama hii?"

11 Aprili

Mvua.

13 Aprili

Mdogo wangu Momanyi amerudi kutoka Nyamarambe, alikokuwa akiwinda kwenye mpaka wa Wamasai. Amekonda, amekuwa mweusi kwa jua, anatembea bila kutoa sauti hata ndani ya nyumba. Mama alipomwona aliacha sufuria mekoni ikaungua.

Alitupa habari yake baada ya chakula. Yupo Mzungu mmoja, Kapteni, ambaye kwa misimu kadhaa alimchukua Momanyi kumfuatia nyayo za nyati. Sasa Kapteni amepewa kikosi kwenye misitu ya Aberdare. Anataka mtu awezaye kusoma unyayo juu ya jani lililolowa. Hatafuti nyati tena.

"Bunduki ni ya Serikali," Momanyi alisema, "lakini kisu kila mtu aje na chake. Kapteni anasema visu vya Serikali ni vya kupakia siagi. Anataka nije na viwili: cha kukunja, kikae mfukoni kwa kamba na miiba na mkate, na cha kuwindia, kisichokunjika, kikae kwenye ala kiunoni." Akanigeukia akitabasamu. "Basi, Makerere, kazi hiyo ni yako."

Hilo ndilo jina alilonipa. Mama amezaa wana wawili wa kiume, na mmoja ni chuo.

Niandike kwa nini kazi hiyo ni yangu. Katika nyumba yetu, mwanamume anayevuka mipaka ya Gusii na silaha hajichagulii chuma cha kuvaa kiunoni. Kaka yake wa tumbo moja ndiye humchagulia, naye ndiye hukishika kwanza. Wazee wetu husema mkono huo wa nyumbani haukiachi kile chuma hata kikienda mbali, na ndio humvuta mtu arudi. Babu yetu alichaguliwa chuma hivyo alipokwenda kubeba mizigo katika vita vya Wajerumani. Mimi niliyefundishwa mantiki nimeicheka desturi hiyo mbele ya wenzangu wa Buganda na wa Unyamwezi, wakacheka nami.

Usiku huu siicheki. Usiku huu naikumbatia kama mwanasheria akumbatiavyo kifungu kimoja cha sheria kinachomfaa. Ikiwa chuma lazima nikichague mimi, basi nisipokichagua hakuna safari. Nimemwambia hivyo waziwazi: "Sitachagua. Sitakuchagulia chuma cha kuwawinda watu wanaopigania shamba lao na letu. Leo wewe ni mbwa wa kunusa, kesho utakuwa nani?"

Momanyi alicheka, akanyoosha miguu karibu na moto. "Umemaliza? Basi utakapokwenda mjini, angalia kisiwe na mpini mwembamba. Mkono wangu ni mpana."

14 Aprili

Nimemhutubia tena, asubuhi, tukiwa tunakamua. Ng'ombe alinisikiliza vizuri.

18 Aprili

Nimekwenda mjini kwa Nehemiah, karani wa bomani. Tulikuwa darasa moja, yeye na mimi tukigombania nafasi ya kwanza katika insha, kisha mimi nikaenda Makerere naye akaenda kupiga chapa barua za mkoloni. Nakiri kwamba katika barua zangu kwa marafiki nimemwita kalamu ya kukodi. Nilimkuta amevaa suti ya kijivu, ukosi umemkaba. Nilimtaka amwambie mkubwa wake kwamba Momanyi ni mgonjwa wa kifua.

"Thadeus, punguza sauti," alisema. "Kapteni anamtaka yeye hasa. Hata nikisema amekufa, atataka kuoneshwa kaburi."

"Wewe una moyo wa jiwe kwa sababu si ndugu yako anayekwenda."

Aliweka karatasi mpya kwenye mashine, akaizungusha polepole. "Ndugu yangu Abner alikwenda Februari," alisema. "Ni askari jela katika kambi ya kuwafungia Wakikuyu. Barua ya kumkubali niliipiga chapa mimi."

"Hukumzuia?"

"Nilimwambia asiende."

"Ndipo?"

"Ndipo akaenda."

Nilirudi Marani nikiwa na hasira nisiyojua pa kuipeleka.

20 Aprili

Mvua. Palizi ya wimbi imeanza. Momanyi amelima kuliko sisi sote.

23 Aprili

Mvua ya mawe. Mahindi ya jirani yetu Ogari yamelala chini.

26 Aprili

Leo mama amenishinda bila kuinua sauti.

Tulikuwa shambani, mimi na yeye, tumeinama juu ya wimbi, tukiling'oa gugu lile linalofanana na wimbi lenyewe. Nilikuwa nikimweleza, kwa hatua, kwa hoja, jinsi maskini anavyotumwa kumkamata maskini. Nilitaraji machozi yake yawe upande wangu. Mama hataki Momanyi aende. Hilo nalijua, maana tangu alipoleta habari ile amekuwa akimtazama anapokula, tonge kwa tonge.

Aliponisikiliza vya kutosha alisema, "Dada yenu Persis alipoolewa, ng'ombe waliokuja walikuwa wa nani?"

Kila Mgusii anajua jibu. Mahari ya dada ni ng'ombe wa kuolea wa kaka yake aliyeunganishwa naye, na Persis aliunganishwa na Momanyi.

"Tuliwapeleka mnadani, wakawa vitabu vyako," mama alisema. "Hakulalamika, mwanangu. Alikwenda kuwinda. Sasa amepata mtu atakayemlipa, aoe, naye awe na mji. Wewe ukimwambia asiende, umwambie basi aende wapi."

Nimehutubia kumbi zilizojaa. Nimemjibu mhadhiri wa historia hadi akafunga kitabu chake. Mama alingoja jibu langu kwa adabu, kisha akarudi kwenye wimbi lake.

27 Aprili

Sikuandika jambo. Sikuwa nalo.

3 Mei

Yaliyonipata leo yanataka kurasa nyingi, nami nina mshumaa mfupi.

Tata aliniita nyuma ya zizi. Yeye si mtu wa maneno. Akiwa na neno, hulibeba siku kadhaa kabla ya kulitua.

"Mura," alisema, kama baba amwitavyo mwanawe, "bado hujaenda kutazama visu."

"Sitakwenda, Tata. Nisipochagua, hatakwenda. Desturi ni yenu, si yangu."

Aliniangalia, na uso wake ulikuwa na huruma niliyoichukia. "Ulidhani ndivyo ilivyo? Ulidhani ukikunja mikono, yeye anabaki?"

"Ndivyo nilivyofundishwa nikiwa mdogo."

"Ulifundishwa nusu, ukaenda shule. Mkubwa akikataa kumchagulia mdogo wake chuma, hajamzuia. Anasema hivi: huyu nimekwisha kumwona maiti, sitaki mkono wangu uwe juu ya maiti. Mtu huenda hivyo hivyo, ila huenda akiwa amezikwa na nduguye. Na nyumba husikia. Unafikiri mama yako hulala? Tangu uliposema hutachagua, huamka kila usiku kwenda kusikiliza kama Momanyi anapumua."

Nilitaka kusema kwamba huo ni ushirikina. Nilitaka kusema kwamba chuma ni chuma na mkono ni mkono. Lakini wiki tatu zilizopita nani alikuwa akiitegemea desturi hiyo hiyo kama nguzo ya nyumba? Nilikuwa nimeazima imani ya baba zangu kwa kuwa ilinifaa. Je, sasa niirudishe kwa kuwa imenigeuka? Mtu hawezi kuutumia mlango kwa kuingia tu.

"Momanyi analijua hili?" niliuliza.

"Analijua. Ndiyo maana anacheka sana."

Nitakwenda mjini. Mungu wangu, nitakwenda kuchagua.

4 Mei

Sikwenda. Mto umefurika.

9 Mei

Duka la vyuma mjini ni la Yakub, lakini Yakub siku zote yuko njiani baina ya Kisumu na Kisii, na anayeuza ni mkewe Hawo, ambaye mji wote humwita Mama Kinsi kwa jina la bintiye. Ni mama mnene, mkali, mwenye shungi la rangi ya manjano, na kila mteja hutoka dukani mwake na bidhaa pamoja na tusi dogo la kumsindikiza.

Alinitandikia visu juu ya meza. Nikaanza na vya kukunja. Cha kwanza kamani yake, ile springi inayoushika ubapa, ilikuwa legevu. Nilikifungua, nikabonyeza ubapa kidogo tu, kikajifunga chenyewe. Kisu cha namna hiyo humkata anayekitumia kabla ya kukata kamba. Cha pili kilikuwa kigumu hata ukucha wangu ulivunjika kukifungua. Mtu mwenye mikono ya baridi asingeweza. Vya ala vilikuwa viwili, vyote vimekula kutu chini ya mpini.

"Hivi havifai," nilisema.

"Havifai kwa nani? Bwana mifugo alinunua kama hiki, bado yuko hai."

"Chuma chake ni laini."

"Ewe kijana, unachagua kisu ama mke?" Wanawake waliokuja kununua chumvi wakacheka. "Mke ungempindua hivyo, baba yake angekufukuza na rungu!"

Alisema Yakub ataleta vingine kutoka Kisumu. Nikatoka mle nikiwa na furaha ya ajabu. Sikukataa, na sikuchagua. Nilikuwa nimepata ufa kati ya mambo hayo mawili, na ndani yake mna siku.

10 Mei

Nimemwambia Momanyi ukweli wote kuhusu kutu na kamani. Aliridhika. "Unaona? Nilijua Makerere atachagua kwa akili." Mama alilala usiku kucha. Nilimsikia akikoroma.

14 Mei

Mvua, nami nashukuru.

16 Mei

Nilimwambia Mama Kinsi kwamba mpini wa kile alichoniwekea ni mwembamba. Nikamwambia ala yake imeshonwa vibaya. Nikamwambia makali yamenolewa upande mmoja. Alijipepea kwa kipande cha boksi, akaningoja nichoke.

"Wewe hutaki kisu," alisema, safari hii kwa sauti ya chini. "Unataka siku."

Nilimweleza. Sijui kwa nini nilimweleza yeye, mgeni wa kabila na dini, jambo ambalo sijamwandikia rafiki yeyote. Alisikiliza huku akifunga sukari katika karatasi.

"Kaka yangu Abdi alikwenda vitani Burma," alisema. "Mama yetu alificha viatu vyake. Alikwenda na vya jirani." Akaikaza kamba ya mzigo. "Haya. Ndugu yako akija kuuliza, nitasema lori la Yakub limekwama. Na kweli limekwama, huko Oyugis. Lakini likikwamuka mimi siwezi kulificha, lori si sindano."

Nikamwita "mama yangu". Akaniambia nisimzeeshe, ninunue kiberiti.

21 Mei

Mvua siku ya nne mfululizo. Barabara imekatika. Shamba la chini limesombwa, na sehemu kubwa ya wimbi la mama imekwenda mtoni. Ogari amekuja kulia kwa Tata, amebakiwa na kibuyu cha mbegu na watoto wengi. Nilisimama pamoja nao kwenye ukingo, nikatikisa kichwa kama watu wengine, na moyoni nilikuwa nikiimba: nyesha, nyesha zaidi.

Nimekuwa nani? Katika hotuba zangu niliwaita watu hawa "umma". Umma ulikuwa pale mbele yangu na matope hadi magotini, nami niliyafurahia maji yaliyokula chakula chao, kwa kuwa yalimzuilia ndugu yangu njia.

22 Mei

Tumepanda viazi palipokuwa wimbi. Momanyi alibeba mbegu za Ogari pia, bila kuombwa.

25 Mei

Jua.

26 Mei

Jua. Barabara inakauka. Nehemiah ametuma neno: kikosi kitaondoka Alhamisi ya tarehe nne Juni, baada ya sherehe za kutawazwa kwa Malkia. Aliyeleta neno hilo amelileta na robo ya majani ya chai kwa ajili ya mama, kutoka kwa Nehemiah. Sijui tena nimwite nani huyo mtu. Nililokuwa nikimwita nimelifuta.

30 Mei

Momanyi aliliona lori la Yakub kabla yangu. Alikimbia kutoka njia kuu, akanishika mkono kama tulivyokuwa wadogo, tukaenda mjini pamoja. Njiani aliniimbia nyimbo za wawindaji wa Nyamarambe, zote chafu.

Mama Kinsi hakunitazama machoni. Alifungua sanduku jipya, akavipanga visu juu ya gunia safi.

Cha kukunja nilikipata upesi. Kilikuwa na mpini wa pembe, ubapa mmoja, kamani inayoguna ikifungwa na kushika ikifunguliwa, na kitanzi cha kupitishia kamba ili kisipotee. Nilikifungua kwa mkono wa kushoto, kisha macho nimefumba, kisha vidole nimevichovya majini. Kilifunguka kila mara.

Kisha vile viwili vya ala. Hapa ndipo nilipojaribiwa.

Cha kwanza kilikuwa kinang'aa kama kioo. Paa alikuwa amechorwa kwenye ubapa, akiruka. Mpini ulikuwa mweupe, ala ilikuwa na vishada. Momanyi alipokiona alipumua kama mtu aliyeona mchumba. "Kaka, tazama! Hata paa yumo!" Hakusema Makerere. Alisema kaka. Hakukigusa, maana desturi inamkataza asikiguse kabla yangu. Alisimama amefunga mikono nyuma.

Cha pili kilikuwa cheusi, kizito, kibaya, mpini wa mti usiopakwa rangi.

Nilivishika vyote. Nilikigonga kile cheupe kwa kifundo cha kidole, na mpini ukalia utupu. Chuma kinaishia katikati yake, kimeshikizwa kwa gundi. Atakapokitia nguvu, atakapokata mti akiwa juu ya mteremko, au atakapokuwa chini ya mtu, kitamvunjikia mkononi. Kile cheusi chuma chake kimekwenda moja kwa moja hadi mwisho, kimeshikwa na misumari mitatu ya shaba.

Sikiliza, ewe nafsi yangu msomi, ulivyosimama pale. Uliyaona mambo mawili kwa wakati mmoja. Uliona kwamba ukimpa anachokipenda, atafurahi, atakubusu mkono, na huko msituni mtu usiyemjua, mtu unayemwita shujaa katika mijadala yako, huenda akaokoka kwa sababu kisu kilivunjika. Na uliona mkono mpana wa Momanyi umeshika mpini mtupu. Ukatafuta njia ya tatu. Umefunzwa kutafuta njia ya tatu. Mama Kinsi aliacha kujipepea. Njia ya tatu haikuwapo.

"Hiki," nilisema, nikainua kile cheusi.

Uso wa Momanyi ulianguka, kisha akauinua tena kwa ajili yangu. "Kibaya hivyo?"

"Kibaya hivyo. Hakitakuacha."

Alikipokea kutoka mkononi mwangu kwa mikono miwili. Alikipima, akakigeuza, na taratibu nikaona mkono wake ukikizoea. "Kweli," alisema. "Makerere, kweli kabisa."

Kwa hiyo nimemchagulia mwindaji wa watu kisu kizuri kuliko vyote vilivyokuwamo Kisii. Wale walio msituni wakinihukumu, sina wakili.

2 Juni

Bendera bomani, tarumbeta, watoto wa shule wamepewa peremende. Sikwenda. Momanyi alikwenda, akamletea mama peremende mbili.

4 Juni

Nitaandika kama nilivyoona, bila mapambo.

Asubuhi Tata alimpulizia Momanyi unga wa wimbi kifuani na kumwambia aende arudi. Mama hakutoka nje ya uzio. Mimi nilimsindikiza hadi mjini. Kisu cha kukunja kilikuwa mfukoni mwake, kamba yake imefungwa kwenye kifungo. Cheusi kilikuwa kiunoni. Alitembea akigusa mpini wake kila mara, kama mtu anayegusa kichwa cha mbwa mpya.

Malori yalikuwa yamepangwa mbele ya boma. Nehemiah alikuwa mlangoni na suti yake, akiita majina. Alipofika kwa Momanyi alikohoa kabla ya kuita.

Kapteni alikuja akikagua mstari. Ni mtu mwembamba, masharubu mekundu, wala si mkali. Laiti angekuwa mkali. Alimpiga Momanyi begani kwa furaha ya kweli. Kisha akakiona kisu. Alikichomoa kwenye ala, akakipima juu ya kidole kimoja, kikalala sawasawa bila kuanguka. Akagonga mpini, akasikiliza.

"Kisu mzuri sana hii," alisema kwa Kiswahili chao. "Nani nachagua?"

"Kaka yangu, Bwana. Yule pale."

Akaja hadi nilipo. Alinitazama suruali yangu ya chuo, miwani yangu. "Wewe najua kisu," alisema. "Mimi natafuta namna hii Nairobi yote, hapana pata." Naye, bila haraka, bila ubaya wowote, alifungua mkanda wake, akamwashiria Momanyi avue ala, akaipitisha kwenye mkanda na kuufunga tena. Akamwambia Momanyi, "Wewe taangalia chini tu, angalia nyayo. Hii tachunga mimi."

Ndani yangu ilipanda hotuba nzima. Ilikuwa na utangulizi, hoja na hitimisho, kwa Kiingereza safi kuliko chake. Nilijua neno la kwanza. Nilifungua kinywa. Nyuma ya Kapteni, Momanyi alikuwa akinitazama, na kichwa chake kilikuwa kikisema hapana, polepole, hapana. Alikuwa anakwenda kulala msituni chini ya mamlaka ya mtu huyu. Kila neno langu lingelipwa na yeye.

"Asante, Bwana," nilisema.

Momanyi alipanda lori. Alipokaa aliupiga mfuko wake uliokuwa na kile cha kukunja, akanionesha meno yote, kana kwamba kimoja kinatosha, kana kwamba hakuna kilichotokea. Malori yakashika njia ya Sotik. Nehemiah alikuja kusimama kando yangu. Baadaye alinishika kiwiko, akanivusha barabara kama mtu amvushavyo kipofu.

Sasa naandika, na jambo moja haliniachi. Iwe ni ushirikina, iwe ni upuuzi, wazee wetu husema kwamba mkono uliokishika chuma kwanza hukivuta kirudi na mwenye kukivaa. Mkono wangu uko kiunoni mwa Kapteni.

5 Juni

Mama alikuwa shambani kabla ya jua, kwenye ile sehemu ya wimbi iliyosalia. Nilichukua jembe, nikamfuata. Tulilima muda kabla hajauliza.

"Kile kikubwa," alisema, "kilimkaa vizuri?"

"Kilimkaa, mama."

"Nawe ndiwe uliyekishika kwanza? Hakuna mwingine?"

"Ni mimi."

"Na aliondoka nacho kiunoni?"

Nilimtazama mgongo wake ulioinama, kitambaa chake kilicholowa umande. "Aliondoka nacho," nilisema.

"Basi," alisema mama. Alinyoosha mgongo, akatema mate kando kwa kutakasa neno, akainama tena. Punde nikamsikia akiimba kwa sauti ndogo wimbo wa palizi, ambao tangu Aprili hakuuimba. Alifika kwenye kiitikio, akanyamaza kidogo kunipa nafasi, kama afanyavyo siku zote na anayelima pamoja naye.

Nikaitikia.